Mashine Uliyoisifu, Mpwa Wangu

Sinazeze,
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Milimo,

Mimi mjomba wako Pita Siankondo nina miaka sabini na minane, na umri wangu umeupita wa mto. Wenzangu wamewazidi umri mbwa wao na ng'ombe wao, wakajisifu. Mimi niliuona mto ukiwa bado mto, nikapandishwa lori nikiwa kijana wa miaka kumi na miwili maji ya bwawa yakija nyuma yetu, na sasa naliona ziwa lenyewe linakauka na mimi bado nipo. Nimezika machifu watatu. Nimezika makarani wote walioandika majina yetu siku ile ya malori. Jenereta nne za boti za kuvulia kapenta, dagaa wetu wa ziwani, zimekufa mikononi mwangu, na zote nilizipenda. Kwa hiyo mtu kama mimi akikuandikia, usisome huku unakula.

Sisi hatujambo. Mvua ilitukimbia mwezi wa pili, mahindi yakasimama kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Mtama kidogo tumepata. Mke wangu Loyida anakusalimu na anauliza kama Lusaka kalamu zimeadimika. Nasikia huko nako umeme mnapewa wa kuonja tu siku hizi, kwa sababu ziwa halina maji. Karibuni. Nyaya za ziwa hilo zimepita juu ya vichwa vyetu tangu nikiwa kijana na hazijawahi kushuka kutusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa limetupa sola na betri mbili, nasi wazee tuliobaki tumekubali turekodiwe, sauti na sura, kabla hatujaisha. Habari za kando ya mto, habari za malori, na nyimbo. Msimamizi ni Mwalimu Hambulo wa shule ya msingi, kwa kuwa anajua kubonyeza. Betri zinajazwa na jua peke yake, basi swali likawa ni kompyuta gani inayokunywa kidogo. Dukani mjini Choma zilikuwepo aina mbili za boksi: moja ya zamani, nzito, polepole kama mimi nikiitwa kulipa kodi, na nyingine mpya, ndogo kama mkate.

Mwalimu akatuchezea video yako kwenye simu. Nikakuona, mtoto niliyemfundisha kuchunga, umevaa miwani unasema, "Hii mpya kwa kazi ileile inakula nusu ya umeme wa ile." Nikasimama nikawaambia, mmesikia, chukueni mpya.

Mwalimu akasema, "Mzee, tuiazime kwanza. Tuiwashe na betri zetu kutwa nzima, tuone, ndipo tununue."

Nikamwambia, "Mwalimu, aliyesema ni mtoto wa dada yangu. Ni wa ukoo wangu huyu, si wa baba yake. Ukimpima yeye umenipima mimi, na mimi nimeshapimwa na watu wakubwa kuliko wewe."

Tukanunua mpya.

Na habari kubwa: mama yako amekubali kuimba. Si nyimbo za kanisani. Wimbo wake mwenyewe, ule alioanza kuutunga usichanani na kuuongeza kila alipozaa na kila alipozika. Unajua kwetu wimbo wa mwanamke hauna mwingine wa kuuimba. Siku akiondoka anaondoka nao. Miaka yote alikuwa anawakatalia wageni wenye vinasa sauti. Mara hii amesema, "Kama mashine imechaguliwa na Milimo, nitaimba."

Niambie neno moja tu: ile mashine uliyoipima uliipata wapi? Si kwamba nina shaka. Bina Chipego, yule mama mtani wetu mwenye mdomo, aliniuliza mbele za watu, nikamjibu kwamba uliiokota njiani. Nataka jibu zuri zaidi ya hilo.

Simu usininunulie. Ya mwanzo aliitafuna mbuzi na sijamwona amenenepa. Barua mpe konda wa basi la Choma, ananijua.

Mjomba wako,
Pita Siankondo

*

Lusaka,
5 Mei 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya kapenta, nikaisoma mara mbili kwa ajili ya maneno na mara moja kwa ajili ya harufu. Sisi ni wazima. Mke wangu Luyando ni mjamzito, tunategemea mwezi wa tisa. Umeme tunapata kidogo alfajiri, tunaamka wote kama wezi kupiga pasi na kuchaji. Mwambie mama Loyida kalamu zipo, aibu ndiyo iliyokuwa imeniishia.

Nimefurahi mno kusikia habari ya mama. Mjomba, wimbo ule nimeusikia mzima mara moja tu, nikiwa mdogo, tena nikasinzia. Kuna mahali anaponitaja mimi, usiku niliozaliwa. Luyando anataka mtoto wetu asinzie kwa sauti hiyohiyo. Nakuomba sana: mama aimbe wa kwanza. Asubuhi, kabla hajachoka, betri zikiwa zimejaa.

Kuhusu mashine, ngoja nikueleze ili umjibu Bina Chipego. Ndani ya kila kompyuta kuna kichakataji, ndicho kinachofanya kazi yote. Kichukulie kama ng'ombe wa plau. Ng'ombe wa ile mashine ya zamani ni mdogo. Kwa saa anakula majani machache, ila shamba moja anashinda nalo mpaka jioni. Huyu mpya ana nguvu, akila anakula kwelikweli, lakini anamaliza shamba upesi na kwenda kulala. Wajinga wanahesabu majani kwa saa. Mimi nahesabu majani kwa shamba. Niliweka kipimo kati ya soketi na mashine, nikazipa zote mbili kazi ileile, nikajumlisha. Ile mpya ilitumia nusu. Namba nilizosema ni namba nilizoziona kwa macho yangu.

Mwambie Mwalimu azime kioo wakati wa kurekodi, kioo nacho kinakula.

Nimetuma sukari, chumvi, na miwani ya kusomea kwa ajili yako. Usimpe mbuzi.

Mpwa wako,
Milimo

*

Sinazeze,
16 Juni 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwa mkeo na kwa huyo aliye tumboni. Miwani ni mizuri, sasa naona jinsi Loyida anavyonitazama, afadhali zamani. Baridi ni kali mwaka huu na jua linaamka limechelewa kama mtu wa serikalini. Ng'ombe wa Mwalimu alizama kwenye tope la ziwani akifuata maji, tukamvuta kwa kamba, mimi nikiwa wa mbele. Waulize watu. Waliokuwa nyuma walikuwa vijana na walichoka kabla yangu.

Tumerekodi. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya mlima. Kwa kuwa shughuli ilikuwa chini yangu, niliifungua mimi. Nilieleza mto, nikaeleza malori, nikaeleza boti zote nilizofanyia kazi na tabia ya kila jenereta. Mwalimu anasema sauti yangu imetoka vizuri sana, kila neno.

Mama yako aliimba. Alivaa kile kitenge chako cha kijani. Wanawake waliitikia mpaka kuku wakatoka nje. Kila aliyekuwepo alisikia.

Sasa nikuulize kitu cha pembeni. Ile mashine yako ya Lusaka ulipokuwa unaipima, ilikuwa inapata joto? Na ilikuwa inahema? Nauliza tu. Mimi nimeishi na jenereta, jenereta inayokula sana inalia sana. Hii yetu hailii, kwa hiyo nilijua haili kitu. Lakini inahema. Na hukunijibu uliipata wapi.

Mjomba wako,
Pita Siankondo

*

Lusaka,
7 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Huku tunaendelea. Luyando miguu imeanza kumuuma, anatamani maziwa ya mgando ya nyumbani na hapa yanauzwa ya kwenye pakiti, anayatukana. Nilipata homa wiki iliyopita, nimepona.

Mjomba, nimesoma barua yako nikitafuta kitu kimoja, sikukipata. Umeniandikia ng'ombe wa Mwalimu, kamba, na nani alichoka. Wimbo uko wapi? Mwambie Mwalimu Hambulo auweke kwenye flashi ampe konda, ni kitu kidogo kama ukucha. Nimempigia Mwalimu mara nyingi, simu inaita hapokei, na yeye si mtu wa hivyo. Mama nilipozungumza naye kwa simu ya jirani alisema, "Umeshausikia? Nimekutaja vizuri?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mjomba wako anakuandalia."

Joto ni kawaida. Kila mashine inapata joto. Feni ndiyo inayohema, ni kawaida pia. Video ile imetazamwa na watu wengi mpaka Harare na Gaborone, hakuna aliyelalamika. Tangu lini, Mjomba, ukaanza kuwa na mashaka na watu wako?

Nasubiri wimbo.

Milimo

*

Sinazeze,
28 Julai 2024

Mpwa wangu,

Yako imefika. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Loyida anakusalimu.

Habari ya wimbo usiiharakishe. Mwalimu ana mambo mengi ya shule.

Mama yako miguu imevimba tena na chakula anakigusa tu. Anasema ni baridi. Ukipata nafasi njoo. Hata usipopata nafasi, njoo.

Pita Siankondo

*

Lusaka,
1 Septemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama. Nguo zangu bado zina vumbi la kaburi la mama na sijataka zifuliwe. Luyando anasubiri siku zake, anawashukuru wote waliolia pamoja nasi. Mwambie mama Loyida karanga zimefika zote, konda hakuonja.

Tulikaa siku zile zote matangani, bega kwa bega, na hatukuambiana kitu. Nadhani kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Acha nianze mimi, kwa sababu mimi ndiye mdogo.

Unakumbuka siku ya pili, Bina Chipego alipoingia katikati ya waombolezaji amevaa koti lako. Watu walikuwa wanalia. Akatembea kama wewe, mikono nyuma, tumbo mbele. Akachukua ile kompyuta, akaiweka juu ya mafiga, akabandika sufuria juu yake, akapiga magoti akapuliza. "Siankondo! Ugali umeiva? Jiko la mpwa wako ni zuri jamani, limemaliza umeme wote wa marehemu kupikia maneno yako!" Watu wakacheka mpaka machozi yakabadilika. Ni kazi yake, ni mtani, msiba bila yeye usingepumua. Nawe ulicheka. Kisha ukainuka ukaenda nyuma ya ghala, ukakaa huko.

Nilimtazama Mwalimu Hambulo. Akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua kwamba wimbo haupo.

Sikukuuliza, kwa sababu nami nilikuwa na langu mfukoni.

Mara mbili uliniuliza niliipata wapi. Nilipewa, Mjomba. Aliniletea wakala wa wauzaji, akaitoa kwenye boksi yeye mwenyewe, akaiwasha yeye, akakaa kando yangu anakunywa chai wakati napima. Sisi tunaosifu mashine kwenye video tunaishi hivyo, wauzaji wanatuazima, tukiwaudhi hawatuazimi tena. Namba nilizosema nilizisoma kweli kwenye kipimo, hapo sikudanganya. Ila sikusema nani alileta. Niliona si muhimu.

Ulipoandika kwamba mashine inahema, nilisimama. Ile ya kwangu haikuhema. Basi nikaenda dukani kama mtu yeyote, nikanunua moja iliyofungwa, nikaiwekea kipimo kilekile. Ilikula zaidi ya mara mbili ya ile ya wakala. Yule bwana alikuwa ameipunguzia nguvu kwa siri, ameifunga hatamu, kabla ya kuniletea. Ng'ombe aliyeletwa kwangu alikuwa ameshafundishwa kutembea taratibu, na wanaouzwa dukani wameachiwa wakimbie. Tena kuna kosa ambalo ni langu mimi peke yangu, hakuna wakala ndani yake. Nilihesabu majani kwa shamba. Lakini kurekodi kutwa hakuna mwisho wa shamba. Ng'ombe anasimama na nira shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, halali hata kidogo. Kwa kazi yenu, ile ya zamani ingetosha na umeme ungebaki. Mwalimu alitaka kuiwasha kutwa nzima, na hicho ndicho kipimo nilichopaswa kufanya mimi mwenye miwani.

Na haya niliyajua kabla sijakuandikia ile barua ya mwezi wa saba. Nilikuwa na mashine mbili mezani mbele yangu nilipoandika kwamba joto ni kawaida.

Mama alikuwa hai. Ningesema siku ile, mngeazima ile ya zamani, mngempa kiti juani, angeimba tena. Nimeihesabu njia hii kila upande na kila nikihesabu inapitia kwangu.

Nimetoa video nyingine, nimesema yote, pamoja na nani alinywa chai. Wakala hanijibu tena. Sioni kama hilo linapunguza chochote.

Mpwa wako,
Milimo

*

Sinazeze,
22 Septemba 2024

Mpwa wangu Milimo,

Konda ameniambia tumepata msichana. Amelisema jambo hilo kwa sauti kubwa stendi nzima, nami nikamwambia ateremke kwenye basi aseme tena. Loyida amepiga vigelegele mpaka pacha wa mbuzi wakakimbia. Mpe mkeo pole na hongera. Maziwa ya mgando yanakuja kwenye kibuyu, akiyakuta yamechacha zaidi amlaumu dereva. Joto limeanza. Ziwa limerudi nyuma tena, na juzi nilitembea kwenye ardhi niliyolimia utotoni. Kuna kisiki nilikitambua. Wenzangu walisema siwezi kukitambua.

Barua yako alinisomea Loyida, kwa kuwa siku hiyo miwani haikuwa inaona. Wewe umesema umeanza kwa sababu ni mdogo. Mimi sijui barua za kuomba radhi huandikwaje, darasa la pili hawakufika huko. Nitakwambia ilivyokuwa, basi.

Uliandika mama yako aimbe wa kwanza. Barua niliisoma. Niliikunja nikaiweka mfukoni, mfuko uleule wa koti ambalo Bina Chipego alilivaa msibani. Nikasema, mkuu wa shughuli afungue, mwanamke afunge vizuri. Nikakaa mbele ya lile jicho dogo la kamera asubuhi jua likiwa bado linapanda, nikasema. Nilisema mpaka vivuli vikaingia chini ya watu. Hakuna aliyewahi kuniacha niseme vile maishani mwangu, mpwa wangu, bila kunikatiza. Ilikuwa tamu.

Mchana Bina Chipego akaja, akaweka kiganja juu ya boksi. Akakiondoa haraka, akakipuliza. "Siankondo, hii si kompyuta, hili ni jiko! Nikuletee sufuria?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Lete na unga, mchawi wee, na mboga, maana kwako hakujawahi kuiva kitu."

Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimemshinda.

Mwalimu akaniinamia sikioni. "Mzee, taa ya betri imekuwa nyekundu. Bina Chipego safari hii hatanii. Tusimame mpaka kesho."

Nikamwambia, "Mwalimu, mtani amenirushia neno mbele ya vijiji vitatu. Nikisimama sasa nikaenda kugusagusa betri, atanicheka mpaka kaburini kwangu, na akifika huko ataniamsha anicheke tena. Endelea."

Hilo ndilo kosa langu, na mtu wa kabila lingine asingelifanya. Angesikia neno jiko, angegusa mwenyewe, angeungua, angezima. Mimi nilisikia mtani, nikatafuta jibu.

Nikaendelea kusema mpaka jua likainama, ndipo mama yako akakaa, akaimba. Kioo kilikuwa kimezimwa kama ulivyoagiza, hakuna aliyejua. Aliimba wote, mpwa wangu. Mto, malori, baba yako, wale wawili waliokutangulia ambao hukuwajua, na wewe. Alipomaliza wanawake walimbeba. Mwalimu akabonyeza kioo kiwake. Hakikuwaka. Rekodi yangu ilikuwa imeshahifadhiwa kando, salama. Ya kwake ilikatika katikati isihifadhiwe, haikubaki hata pumzi.

Mama yako akanijia akiwa anatoa jasho, anacheka. "Pita, imeingia?"

Nikasema, "Yote."

"Hata pale pa Milimo?"

"Hata pale."

Akasema, "Basi. Sasa naweza kuzeeka."

Umri wake ulikuwa umepita wangu kwa miaka mitano, anasema sasa naweza kuzeeka.

Mwalimu alitaka kumwambia siku ileile. Nilimzuia. Kisha nikawa najipa kesho. Betri zijae kwanza. Miguu ipungue kwanza. Angeimba tena, namjua, angenitukana kwanza halafu angeimba. Lakini ilibidi niseme mbele yake kwamba nilidanganya, na mbele ya Bina Chipego kwamba jiko lilikuwa jiko. Nilitafuta wa kulaumu. Wewe ulikuwa wa kwanza, nakwambia wazi. Halafu duka, halafu jua la mwezi wa sita, halafu Mwalimu. Ulipoandika kwamba kila ukihesabu njia inapitia kwako, nilikasirika. Njia hiyo ni yangu. Wewe ulipita tu.

Sasa sikiliza, kwa maana jambo lenyewe ndilo hili.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia, "Yale maneno yangu yafute. Yote. Sitaki yabaki ya kwangu wakati ya kwake hayapo."

Akasema, "Kaa kwanza, mzee." Alikuwa ameazima ile mashine ya zamani, ile ya polepole. Inakunywa kidogo kweli, nilikaa nayo kutwa na taa haikubadilika rangi. Akanivisha vile vya masikioni. "Usijisikilize wewe. Sikiliza nyuma yako."

Nikasikiliza. Mimi naongea, naongea, jenereta ya kwanza, jenereta ya pili. Na nyuma yangu, mlangoni, kuna sauti ndogo. Nilidhani ni kuku. Ni mama yako. Alikuwa amekaa kizingitini anangoja zamu yake, anaulainisha wimbo kooni, kimyakimya, tangu mwanzo, asije akasahau. Ninaponyamaza kumeza mate, anasikika. Ninapocheka mwenyewe kwa maneno yangu mwenyewe, anapotea. Pale pa malori anasikika vizuri. Wale wawili wanasikika kwa majina yao. Pale pa kuzaliwa kwako, mpwa wangu, ndipo nilipofika kwenye jenereta ya tatu, na nilikuwa naipenda ile, nilipaza sauti. Maneno mawili yanayokutaja yamepita katikati ya sauti yangu. La tatu nimelikalia.

Karibu na mwisho anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pita, inatosha. Jua linaondoka." Nami sikugeuka. Naendelea kusema.

Mwalimu anasema huko mjini kuna watu wanaoweza kutenganisha sauti na sauti. Wewe utajua nani wa kuaminiwa, na mara hii pima mwenyewe. Flashi ameibeba konda, nimeishonea kwenye kitambaa cha mama yako cha kichwa. Asikudanganye mtu kwamba ni wimbo mzima. Si mzima. Wanawake wamejaribu kuziba palipobaki na kila mmoja ana lake, wakagombana, nikawaacha. Na usinifute mimi kwa haraka, ukinifuta ovyo utamfuta na yeye. Ukitaka kumsikia mama yako, itakubidi unisikilize mimi. Nasikitika kwa hilo kuliko kwa lolote katika umri wangu huu wote. Mtoto akilia kwa ajili ya jenereta, mwambie ni babu yake, hajui kunyamaza.

Haya niliyoandika si ya kubuni. Mwalimu Hambulo anayajua, muulize, sasa anapokea simu. Loyida anayajua, alikuwa jikoni na alinisikia nikisema "yote" kupitia dirisha, na hajaniuliza mpaka leo. Na Bina Chipego anayajua zaidi ya wote. Huyo ukimuuliza atacheka kwanza. Msubiri amalize kucheka, halafu lolote atakalosema liamini.

Mjomba wako,
Pita Siankondo